Nyumba mpya Kamsamba, mnunuzi kutoka ng'ambo ya mpaka: Funguo anapewa, haki ya kukaa je?

Kujenga nyumba, kuipaka rangi na kumpata mteja mwenye hela mkononi siku hizi si kazi ngumu sana. Ngumu ni pale mteja anapotoa kitambulisho, na kitambulisho chenyewe si cha NIDA.

Kwa Kamsamba, Wilaya ya Momba mkoani Songwe, hili si jambo la kufikirika tu. Mkoa umepakana na Zambia. Tunduma na Nakonde ni kama mji mmoja uliokatwa na mstari, na tangu Oktoba 2019 kituo cha pamoja cha forodha kimerahisisha watu na mizigo kupita. Kamsamba yenyewe iko mbali na foleni ya malori, upande wa bonde la Ziwa Rukwa, lakini haijajitenga. Barabara ya Mlowo–Kamsamba inaleta wafanyabiashara wa mpunga na ufuta, na daraja la Mto Momba linaiunganisha na Kilyamatundu, mkoani Rukwa.

Halafu kuna undugu. Wanyamwanga wapo Momba na wapo Nakonde. Mpaka uliochorwa na Wajerumani na Waingereza miaka ya 1890 uliwapita katikati. Kwa hiyo anayekuja kununua anaweza kuwa binamu wa mwenye nyumba, anaongea lugha ileile, anazika na kuoza palepale. Kwa macho ya ukoo ni wa nyumbani. Sheria ya ardhi ya Tanzania inamwona kama asiye raia, basi.

Hapo ndipo watu wanaingia mkenge.

Jibu fupi kwanza

Asiye raia hawezi kununua nyumba ya kuishi Kamsamba akawa mmiliki wa kiwanja kilichobeba nyumba hiyo. Hata kama amelipa taslimu, hata kama mwenyekiti wa kijiji amegonga muhuri na mashahidi sita wamesaini.

Sababu ni kwamba Tanzania Bara nyumba haitenganishwi na ardhi iliyo chini yake. Ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Mtu anachopata ni haki ya kuitumia, yaani hatimiliki, kwa kawaida ya miaka 33, 66 au 99, au hati ya hakimiliki ya kimila kwa ardhi ya kijiji. Ukinunua "nyumba", kisheria unanunua haki hiyo pamoja na kilichojengwa juu yake. Kama hustahili kushika haki hiyo, matofali peke yake hayakuokoi.

Karatasi nne ambazo watu wanazichanganya

Mkanganyiko mwingi unaanzia kwenye majina. Kuna vibali na leseni zenye majina yanayofanana, na dalali mjanja anaweza kukuonyesha moja akakwambia ndiyo hiyohiyo.

Ya kwanza ni hati ya ardhi. Hii ndiyo inayosema nani ana haki ya kukaa na kutumia kiwanja. Inaweza kuwa hatimiliki ya kiwanja kilichopimwa, au hati ya kimila inayotolewa na kijiji.

Ya pili ni leseni ya makazi. Hii imetajwa kwenye Sheria ya Ardhi ya 1999 na ilianza kutolewa kwa wingi Dar es Salaam katikati ya miaka ya 2000, kwa watu waliojenga maeneo ya mjini ambayo hayajapangwa. Ni ya muda mfupi na ni ya mjini. Mtu akikupa "leseni ya makazi" kwa nyumba iliyo kijijini Kamsamba, uliza maswali mawili matatu kabla ya kutoa hela.

Ya tatu ni kibali cha kutumia jengo. Mjini, mwenye jengo anatakiwa kuwa na kibali cha ujenzi kabla ya kuanza, na akimaliza wataalamu wa halmashauri wakague ndipo watu waruhusiwe kuhamia. Kibali hiki kinahusu usalama: jengo limejengwa kwa ramani iliyopitishwa, linafaa kukaliwa, choo na maji taka viko sawa. Hakisemi lolote kuhusu nani mmiliki.

Ya nne ni kibali cha ukaazi. Hiki kinatoka Uhamiaji, na kina daraja A, B na C kulingana na shughuli ya mgeni: mwekezaji au aliyejiajiri, mwajiriwa, na wengineo kama wanafunzi na wamisionari. Kinamruhusu mtu kuishi nchini. Hakimpi ardhi.

Mgeni anaweza kuwa na kibali halali cha ukaazi, akakaa kwenye jengo lililokaguliwa vizuri, na bado asiwe na haki yoyote juu ya kiwanja. Kila karatasi inajibu swali lake, na hakuna moja inayoziba pengo la nyingine.

Ukaguzi wa jengo si urasimu tu

Kwa nyumba mpya, karatasi ya tatu ndiyo inayorukwa zaidi, kwa sababu mjenzi anataka kuuza haraka na mnunuzi anataka kuhamia haraka. Nchi imeshalipa gharama ya haraka hiyo. Machi 2013 jengo lililokuwa likiendelea kujengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua zaidi ya watu 30. Novemba 2024 jengo la Kariakoo likaporomoka na kuua zaidi ya watu 20.

Nyumba ya vyumba vitatu kijijini si ghorofa la Kariakoo, kweli. Vijijini nyumba nyingi husimama kwa fundi na makubaliano ya wenyeji tu. Lakini mnunuzi wa nyumba mpya ana haki ya kuuliza: nani alikagua msingi? Mvua za bondeni zikija, maji yanapita wapi? Maswali haya hayana uraia. Mnunuzi wa Tunduma na wa Nakonde wote wanatakiwa kuyauliza.

Sheria inasema nini hasa

Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya 1999 kiko wazi: asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa chini ya sheria ya uwekezaji. Utaratibu wake ni kwamba ardhi ya uwekezaji inatengwa, inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali na kukabidhiwa kwa mamlaka ya uwekezaji. Mamlaka hiyo inabaki na hati mama, na mwekezaji anapewa haki iliyotokana na hati hiyo kwa muda maalumu. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na TIC. Tangu Julai 2025 iko chini ya TISEZA, mamlaka iliyoziunganisha TIC na EPZA.

Kuna njia nyingine ya ubia, ambapo raia mwenye ardhi anahamisha sehemu ya maslahi yake kwa mbia wa kigeni. Nayo inataka uwe uwekezaji ulioidhinishwa.

Na kampuni? Wapo wanaofikiri wakisajili kampuni Tanzania mambo yamekwisha. Sheria imeliona hilo. Kampuni ambayo wanahisa wake wengi si raia inahesabiwa kuwa ya kigeni kwa suala la ardhi.

Sasa angalia ukubwa wa mlango huo. Chini ya Sheria ya Uwekezaji ya 2022, kiwango cha chini cha mtaji kwa mwekezaji wa kigeni kupata cheti cha motisha kilikuwa dola 500,000 za Marekani. Mlango huo ni wa viwanda, hoteli na mashamba makubwa. Mtu anayetaka nyumba ya kuishi Kamsamba karibu na shangazi yake haupiti, na hata uwekezaji wenyewe si nia yake.

Kamsamba kuna ngazi moja zaidi: ardhi ya kijiji

Tunduma ni halmashauri ya mji, ina mitaa na viwanja vilivyopimwa. Momba ni halmashauri ya wilaya, na sehemu kubwa ya ardhi yake ni ya vijiji. Kwa hiyo swali la kwanza kwa nyumba yoyote Kamsamba ni: kiwanja hiki kimepimwa na kina hati ya serikali, au ni ardhi ya kijiji?

Kama ni ya kijiji, inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Sheria hiyo inapotaja wa kupewa hakimiliki ya kimila inataja raia: raia mmoja, familia ya raia, kikundi cha raia. Asiye raia hayumo. Ili mwekezaji wa kigeni aitumie ardhi ya kijiji, lazima kwanza ihamishwe kutoka ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla, na uhamisho huo unaenda hadi kwa Rais. Mwenyekiti na mtendaji wa kijiji hawana mamlaka ya kuruka ngazi hizo, hata wakiwa na nia njema.

Muhuri wa kijiji kwenye karatasi ya mauziano unaonyesha tu kuwa viongozi walijua. Haugeuzi kisichoruhusiwa kuwa halali.

Mbona Zanzibar wanauza?

Hili ndilo swali linalorudi kila mara mtandaoni. Matangazo ya Fumba Town na miradi mingine ya Zanzibar yanaonekana kwenye simu za watu wote, na wageni wananunua nyumba pale kihalali. Kwa nini huku isiwe hivyo?

Jibu ni kwamba ardhi si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria zake. Sheria ya kondominio ya 2010 inaruhusu jengo au mradi kugawanywa vipande, na mtu akamiliki nyumba yake bila kumiliki ardhi ya mradi. Kisha sheria ya uwekezaji ya 2023, inayosimamiwa na ZIPA, inatoa unafuu kwa mgeni anayenunua nyumba kwenye mradi ulioidhinishwa. Nyumba ya kuanzia dola 100,000 inamfungulia mlango wa kibali cha ukaazi yeye na familia yake.

Kinachofanya kazi pale ni mradi. Kuna mwendelezaji mmoja aliyepewa ardhi, jengo limekaguliwa, vipande vimesajiliwa, na mgeni anaingia kwenye kipande. Bara nayo ina sheria ya kumiliki sehemu ya jengo, ya mwaka 2008, lakini haikuondoa sharti la kifungu cha 20 kwa asiye raia. Na nyumba ya Kamsamba iliyosimama peke yake kwenye kiwanja chake haina kipande cha kukata.

Majirani nao hawako wazi sana. Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mgeni ukodishaji usiozidi miaka 99, na hata akiandikiwa zaidi inahesabika ni 99. Zambia, sheria yake ya ardhi ya 1995 inaweka masharti kwa asiye Mzambia: awe mkaazi wa kudumu, au mwekezaji, au apate idhini ya maandishi ya Rais, na njia nyingine chache. Kwa hiyo Mtanzania anayetaka nyumba Nakonde naye anakutana na ukuta, ila ukuta wenye milango mingi kidogo.

Na Jumuiya ya Afrika Mashariki? Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu Julai 2010, iliacha suala la ardhi kwa sheria za kila nchi. Mkenya, Mganda au Mkongo akifika Kamsamba, kwa ardhi ni mgeni kama Mzambia.

Mchezo wa "jina la shemeji"

Katazo halimzuii mtu mwenye hela na hamu. Linambadilishia njia. Na njia inayojulikana kila mji wa mpakani ni moja: nyumba inaandikwa jina la raia. Shemeji, mke, mpwa, rafiki wa biashara.

Chukua mfano. Mzee wa Nakonde ananunua nyumba mpya Kamsamba, anatoa hela yote, hati inaandikwa jina la mpwa wake Mtanzania. Pembeni wanaandikiana karatasi kuwa mwenye mali ni mjomba. Miaka mitano amani tupu. Kisha mpwa anaoa. Au anakopa na kuweka hati dhamana. Au anafariki, na wajane na watoto wanaanza mirathi.

Mjomba atasimama Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya aseme nini? Kwamba nyumba ni yake, ila jina aliliandika la mwingine ili kukwepa sheria? Karatasi aliyodhani ni kinga inageuka ushahidi dhidi yake. Mwenye jina ndiye anayebaki na nyumba, na mwenye hela anabaki na undugu uliovunjika.

Ndiyo maana kusema "sheria inawalinda wananchi dhidi ya wageni wenye hela" ni kusema nusu. Inawalinda kweli. Bila katazo, ardhi ya vijiji vya mpakani ingeweza kununuliwa kipande kwa kipande na yeyote mwenye sarafu yenye nguvu, na kijana wa Kamsamba asipate pa kujenga. Hofu hiyo si ya kubuni. Lakini sheria hiyohiyo, kwa kuwa haina mlango wowote kwa mnunuzi mdogo, inazalisha mauziano ya gizani ambayo hayaonekani kwenye daftari lolote. Kijiji hakijui nani hasa ana maslahi kwenye nyumba ipi. Hapo kijiji nacho kinapoteza.

Muuzaji naye asijione mjanja

Wengi wanadhani mwenye hatari ni mnunuzi tu. Si kweli. Aliyemuuzia asiye raia ameingia mkataba ambao sheria haiutambui. Mnunuzi akigundua, atataka hela yake. Kama imeshaingia kwenye ada za shule na mjengo mwingine, kesi inaanza na muuzaji hana pa kusimama.

Kuna mambo mawili mengine ya 2025 ambayo muuzaji na dalali wanatakiwa kuyajua.

La kwanza ni kanuni za matumizi ya fedha za kigeni, zilizotoka Machi 2025. Bei ya bidhaa au huduma ndani ya nchi haitakiwi kutajwa wala kulipwa kwa fedha za kigeni. Kwa mji wa mpakani uliozoea dola na kwacha, hili linagusa moja kwa moja, hata kwenye kodi ya pango.

La pili ni amri ya Julai 2025 iliyokataza wasio raia kufanya biashara 15. Ndani yake umo udalali wa biashara na wa nyumba na viwanja, pamoja na kununua mazao shambani. Kwa hiyo dalali wa nyumba Songwe anatakiwa kuwa raia, na raia anayemsaidia mgeni kufanya biashara hizo naye ana kosa.

Mwenye asili ya Tanzania ana njia yake

Kuna kundi moja ambalo hali yake imebadilika. Mwanzoni mwa 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Ardhi na Sheria ya Uhamiaji yanayotambua hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine. Tanzania bado hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo hii ilikuwa njia ya kuwapa diaspora nafasi bila kugusa suala la uraia pacha.

Kwa mtu wa Nakonde ambaye mama yake alizaliwa Kamsamba, hili ni jambo la kulifuatilia kabla ya kukata tamaa. Lakini linapatikana kwa maombi na uthibitisho Uhamiaji. Halipatikani kwa wazee wa ukoo kusema "huyu ni wetu".

Ufanye nini basi?

Kama si raia na unataka kuishi Kamsamba:

- Panga. Mkataba wa kawaida wa pango hauhitaji uwe mwenye ardhi. Ukitaka wa miaka mingi, upite kwa mwanasheria kwanza.
- Shughulikia kibali cha ukaazi mapema, maana mkataba wa pango hautoshi kuishi nchini.
- Kama una asili ya Tanzania, uliza kuhusu hadhi maalumu kabla ya kutoa hata shilingi moja.
- Usikubali dili la kuandikwa jina la mwingine, hata awe ndugu wa tumbo moja.

Kama ni muuzaji:

- Omba kitambulisho cha mnunuzi kabla ya kupokea malipo ya awali.
- Jua kiwanja chako ni cha aina gani: ofisi ya kijiji na ofisi ya ardhi ya halmashauri ndizo zenye majibu.
- Weka tayari kibali cha ujenzi na ripoti ya ukaguzi kama eneo lako linahitaji. Hata mnunuzi raia atakuuliza.

Kama umeombwa uazime jina lako, kumbuka kwamba mkopo, kesi na lawama zitakuja kwa jina hilohilo.

Kinachokosekana

Ardhi ya kijiji si lazima ifunguliwe kwa kila mwenye pochi. Lakini kati ya mwekezaji wa dola nusu milioni na mtu asiye na njia kabisa, kuna pengo kubwa, na kwenye pengo hilo ndimo wanamoishi watu wa mpakani. Utaratibu wa pango la muda mrefu unaoandikwa kwenye daftari la kijiji, wenye kikomo cha miaka na idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, ungeiacha ardhi mikononi mwa wenyeji na ungemtoa mjomba wa Nakonde gizani. Kijiji kingejua nani anakaa wapi na kwa masharti gani.

Hadi hapo, nyumba mpya inaweza kuwa nzuri, bei ikawa ya kueleweka na muuzaji akawa mtu wa heshima. Kama mnunuzi si raia, alicholipia hakiwi chake, na siku ya mgogoro hakuna atakayemuuliza alilipa kiasi gani. Ataulizwa jina lililo kwenye hati ni la nani.